Kidonge kimoja, bei tatu: tusio na mituele (bima ya kuchangiana matibabu) hapa Goma, Kongo, tunafanyaje?

#1 BintiWaKatoyi
Jambo yenu. Mama yangu ana miaka 61, anauza makala (makaa) hapa Katoyi. Wiki iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri nikamkuta kwenye kigoda karibu na jiko la mbabula, wembe mkononi, anakata kidonge cha tansio (presha) juu ya kifuniko cha sufuria. Nusu moja ikarukia majivuni. Akaichokoa kwa kidole, akaipuliza, akaimeza. Kumbe amekuwa akifanya hivyo tangu Pasaka ili plaketi zimfikishe mwisho wa mwezi, na mimi nalala chumba cha pili sijui lolote.

Nilichukua ordonansi yake, karatasi ya docta, nikaanza kuzunguka. Hapa Katoyi, plaketi ya vidonge kumi ni faranga 3,000. Birere ni 1,500. Himbi, kwenye ile farmasi ya vioo, 12,000. Zote tatu ni amlodipine miligramu 10. Kwa mwezi zinatakiwa plaketi tatu, na bado hujagusa dawa ya sukari.

Nauliza mambo mawili. Kwa nini bei zinapishana hivi ndani ya mji mmoja? Na nyie msio na mituele wala mwajiri wa kulipa, mnafanyaje?

#2 MotariMajengo
Yaya, bei iko kali kila fasi, lakini Himbi unalipia pia vioo na jenereta. Panda moto (pikipiki) nenda Birere, basi.

#3 MuuguziWaZamu
Pole, BintiWaKatoyi. Kabla ya bei, mama apimwe tansio kesho. Kama docta aliandika 10 na yeye anameza nusu, basi tangu Pasaka anatumia 5. Huenda inamtosha, huenda haimtoshi, na tansio haiumi mpaka siku inapovunja kitu. Asiache ghafla, asiongeze mwenyewe. Apimwe.

Sasa bei. Ukishika boksi la dawa utaona majina mawili. Jina kubwa la rangi ni la kampuni, sisi tunaita spesialite. Jina dogo chini yake ndilo jina la dawa yenyewe. Amlor ni amlodipine. Glucophage ni metformin. Jenerike inabeba lile jina dogo peke yake, na kazi ni ileile ikiwa imetengenezwa vizuri. Nadhani Himbi walikupa spesialite, Birere jenerike. Tazama vizuri boksi.

#4 BintiWaKatoyi
Nimetazama. Ya Himbi ni spesialite kweli. Lakini ya Katoyi na ya Birere zote ni jenerike, boksi lilelile, kampuni ileile ya India, mpaka rangi ya maandishi. Moja 1,500, nyingine 3,000. Hapo ndipo sielewi.

#5 JiraniWaMpaka
Mimi naelewa. Ni mapatano kati ya docta na farmasi. Mwaka jana nilimpeleka mdogo wangu kwenye kliniki moja, siitaji. Docta akaandika ordonansi, halafu nyuma ya karatasi akachora ramani: barabara, mti, duka la mikate, na mshale mpaka mlango wa farmasi. "Nunua hapa tu." Nilipofika, muuzaji hakusoma dawa kwanza, aligeuza karatasi akatazama mchoro, akaandika kitu kwenye daftari. Nililipa mara mbili ya bei niliyokuja kuikuta baadaye. Mgonjwa anatafuniwa asilimia bila kujua.

#6 MuuguziWaZamu
JiraniWaMpaka, hayo yapo na ni aibu kwetu. Lakini siyo kila ramani ni biashara. Kuna farmasi naamini dawa zake na kuna nyingine nisingempeleka hata adui.

Kuna sababu nyingine ya zamani zaidi. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, OMS (shirika la afya duniani, WHO) na UNICEF wakiwemo, wakakubaliana kwamba vituo vya afya viuze dawa muhimu kwa nyongeza ndogo, na fedha irudi kununua dawa nyingine. Wazo halikuwa baya. Ila kwetu ile nyongeza imebebeshwa mzigo usio wake. Nimefanya kazi kituo ambapo wauguzi wengi hatukuwa kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Sabuni, mafuta ya jenereta, posho yangu ya mwezi, vyote vilitoka kwenye parasetamoli na amoksisilini za wagonjwa. Nilipokea ile posho nikijua imetoka kwa nani.

#7 KijanaWaDepo
Nafanya kazi depo moja ya dawa za jumla Birere, acheni niseme na mimi kabla hatujaitwa wezi wote.

Jenerike nyingi tunazouza zinatoka India. Kontena inashuka Mombasa, inavuka Uganda, mipaka, karatasi, vibali, vizuizi, na kila mahali mtu ananyoosha mkono. Tangu mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, kwa hiyo dawa iliyokuwa inakuja haraka kwa ndege kutoka Kinshasa haiji tena hivyo. Benki nazo zilifunga wakati uleule. Kumlipa mtu wa Kampala leo siyo sawa na zamani, unapitisha fedha kwa mikono ya watu na kila mkono unakata chake. Halafu dola yenyewe: ikiwa na kakipande kamechanika pembeni, grosiste, yaani muuzaji mkubwa wa jumla, haipokei, na mimi nimeipokea kwa mgonjwa kwa huruma. Hasara hiyo nani anaibeba?

#8 BintiWaKatoyi
Aksanti kaka, nimekusikia na sikukatai. Lakini lori lililoleta dawa Birere ndilo hilohilo lililoleta ya Katoyi, maana wa Katoyi anainunua kwenu. Kutoka kwenu mpaka kwetu ni moto moja na mfuko mmoja wa plastiki. Mombasa haielezi ile 1,500 ya juu.

#9 KijanaWaDepo
Wa Katoyi anauza plaketi tatu kwa siku, mimi nauza maboksi. Ana kodi, ana mtu wa kumlipa, ana dawa zinazoisha muda kwenye kabati kabla mteja hajaja. Asipoongeza anafunga.

#10 MamaNneNdosho
Mnabishana juu ya plaketi. Sisi wengine plaketi nzima hatuijui.

Nina sukari, mwaka wa sita huu. Nauza ndizi na parachichi. Jioni nikihesabu, natoa ya mtaji, natoa ya unga na ya sambaza (samaki wadogo), inayobaki ndiyo ya dawa. Naenda kwa kijana wa kona na faranga 500, ananikatia metformin. Anachukua mkasi, anakata plaketi vidonge viwili viwili. Siku ikiwa nzuri nanunua vinne.

Siku moja nikamuuliza, mwanangu, hii inaisha lini muda? Akageuza kipande changu, hakuna kitu. Tarehe imechapwa pembeni mwa plaketi, na ile pembe aliishaikata akampa mtu mwingine jana. Tukatafuta kwenye kikapu chake cha takataka pamoja, hatukuipata. Nikaenda nyumbani nikazimeza.

Ukipiga hesabu, kwa mwezi nalipa kuliko anayenunua plaketi nzima, kwa dawa ileile, kwa sababu nanunua vidogovidogo. Aliye na fedha ya boksi zima ndiye anayepata bei nafuu. Sina mituele. Nilijaribu kujiandikisha moja, wakaniambia kwanza miezi mitatu ya kungoja, halafu wakaniambia sukari haimo.

#11 MuuguziWaZamu
Mama, pole sana. Nakuomba kitu kimoja: mwambie huyo kijana aanze kukata upande usio na tarehe, na kipande chenye tarehe kiwe cha mwisho dukani kwake. Haimgharimu hata faranga moja. Na kama kwenye plaketi kuna herufi LP baada ya jina metformin, usikikate kidonge hicho wala kukitafuna, kimetengenezwa kiachie dawa polepole.

#12 ChukuduYaTano
Mimi naogopa hizo za bei rahisi. Mnakumbuka yale ya Uvira, watu walimeza dawa ya usingizi shingo zikapinda?

#13 LavaNyeusi
Haikuwa Uvira, ilikuwa Ituri. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015 watu zaidi ya elfu moja walifikishwa vituoni kule, uso umekakamaa, shingo imepinda, ulimi unatoka nje. Mwanzoni walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe ni vidonge vya manjano vilivyoandikwa diazepam, na ndani yake kulikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. OMS ilitoa tangazo la tahadhari. Wengi walikuwa watoto.

Lakini ona jambo hili: vile vidonge viliuzwa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa. Kosa halikuwa la ujenerike. Dawa ya bandia inaweza kuvaa boksi zuri la spesialite vilevile. Tuna mamlaka ya kudhibiti dawa, ACOREP, tangu 2020, lakini kwenye kibanda cha kona hajawahi kufika mtu wake ninavyoona mimi.

#14 ChukuduYaTano
Aksanti kwa kunisahihisha. Ila bado naogopa.

#15 JiraniWaMpaka
Kwa nini tusiige jirani? Vukeni mpaka wa Petite Barrière hapo tu. Rwanda mituele ni bure kwa wote.

#16 LavaNyeusi
Siyo bure. Familia nyingi zinalipa mchango wa mwaka kwa kila mtu, walio maskini kabisa wanalipiwa na serikali, na hospitalini mgonjwa bado anatoa asilimia 10. Tena ni ya walioandikishwa kule. Wewe ukivuka na kadi yako ya Goma unalipa kama mgeni. Kinachowasaidia ni kwamba wanalipa karibu wote, wazima na wagonjwa. Mituele ya kwetu inajaa wagonjwa peke yao, mzima anasema "nitalipa nikiugua", na sanduku linakauka mwaka wa pili.

#17 MotariMajengo
Mimi ndiye huyo mzima. Nilikataa kulipa dola chache, mwezi wa nane nikaanguka Ndosho na moto, mguu. Nimeuza simu na televisheni. Tena nilimuuzia JiraniWaMpaka, na hajanimalizia.

#18 JiraniWaMpaka
Ijumaa, kaka. Ijumaa unaipata.

#19 MzeeWaKyeshero
Wanangu, serikali ilitangaza afya kwa wote. Redio imesema dawa ni bure.

#20 MuuguziWaZamu
Mzee wangu, kilichozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ni kujifungua bure na matunzo ya mtoto mchanga, na kikaanza kupelekwa mikoani kidogo kidogo. Tansio na sukari hazimo. Dawa ambazo kawaida mgonjwa halipi kabisa ni za kifua kikuu na za sida (UKIMWI). Akitokea mtu anawauzia hizo, kataeni. Na mwenye kazi ya kuajiriwa asisahau: Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na familia yake.

#21 ChukuduYaTano
Mwajiri! Mimi mlinzi, miaka minne, geti moja. Nilipeleka ordonansi ya mtoto kwa bosi, akasema mimi siyo mfanyakazi, ni "wa siku". Siku elfu moja na mia nne na sitini.

#22 BabaWaKijana
Nimesoma tangu juu, sikutaka kuandika. Mwanangu ana miaka 14, anachoma insulini tangu akiwa na tisa. Nyie mna nafasi ya kukata nusu. Mimi nikikata nusu, mtoto anaanza kutapika usiku, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza, na asubuhi tuko hospitalini.

Chupa moja ina yuniti 1,000. Yeye anachoma 30 kwa siku. Ikishafunguliwa, karatasi inasema wiki nne, basi. Yaani 840. Zile 160 zinazobaki chini ya chupa natakiwa nizimwage. Nazitazama kwenye mwanga wa dirisha, ni maji meupe safi, nimeyalipia kwa kuuza mbuzi. Mwanzoni sikumwaga. Siku hizi namwaga, baada ya sukari yake kupanda siku tatu mfululizo nisijue ni chupa au ni chakula.

Friji hatuna. Naweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, kitambaa juu. Nililaumiwa na watu kwamba ni ushamba.

#23 MuuguziWaZamu
Baba, siyo ushamba. MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Kenya, kisha insulini ikajaribiwa kwenye joto hilohilo, kati ya digrii 25 na 37, kwa wiki nne, na haikupoteza nguvu. Goma ni baridi kuliko kule. Chungu chako kinatosha kwa chupa iliyofunguliwa. Ambazo hazijafunguliwa omba kituo cha afya chenye friji ya chanjo wakutunzie, wengi hawakatai.

#24 LavaNyeusi
Na waliogundua insulini, Banting na wenzake wa Toronto, waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja mwaka 1923 ili mtu yeyote asije kuifanya mtaji. Miaka mia moja imepita, na huyu baba anauza mbuzi.

#25 MamaNneNdosho
Baba wa kijana, Mungu akutie nguvu. Nimelia.

#26 MzeeWaKyeshero
Kwa tansio mimi nachemsha majani ya parachichi. Sinunui kitu.

#27 MuuguziWaZamu
Mzee, kunywa kama chai sikukatazi, lakini usiweke mahali pa dawa. Ukitaka kitu cha bure kinachoshusha kweli, punguza chumvi. Ndakala hizi za chumvi, samaki wadogo wakavu, zilowekwe usiku, maji yamwagwe asubuhi.

#28 MzeeWaKyeshero
Ndakala bila chumvi? Mama wa nyumbani ataniuliza nimelipata wapi hili.

#29 MotariMajengo
Mwambie umelipata kwenye simu, mzee. Atakunyang'anya simu.

#30 YayaWaMuso
Narudi kwenye swali la pili la BintiWaKatoyi, maana limeachwa. Sisi wanawake kumi na nane wa Ndosho tuna MUSO, kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana. Sanduku la kijani ni la kukopeshana, jekundu ni la shida. Miaka yote jekundu lilikuwa la msiba na uzazi. Mwaka huu tukahesabu tukakuta sita kati yetu wana tansio, wawili wana sukari. Tukakubaliana: jekundu linanunua dawa Birere mara moja kwa mwezi, boksi zima, bei ya depo. Kila mmoja analipa chake kidogokidogo kila Alhamisi ya mkutano. Hakuna faida, hakuna mkasi.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wawili walisema kwa nini fedha yangu inunue ugonjwa wa mwingine. Mmoja wao akapimwa pale pale, 18 kwa 11, yaani 180 kwa 110. Akanyamaza, akaandikishwa.

#31 MuuguziWaZamu
Nawapongeza, lakini kila mtu awe na ordonansi yake. Msigawiane dawa kama sukari ya chai. Aliye na figo mbaya hawezi kumeza metformin ya jirani.

#32 YayaWaMuso
Kila mtu ana karatasi yake, muuguzi. Tunazo kwenye bahasha ndani ya sanduku.

#33 JiraniWaMpaka
Hii nzuri, ila haigusi mzizi. Mnanunua nafuu wakati mapatano yanaendelea palepale.

#34 KijanaWaDepo
Mapatano, mapatano. Fungua uwanja wa ndege na benki leo, uone bei kesho.

#35 JiraniWaMpaka
Mchoro wangu ni wa mwaka 2019, ndege zilikuwa zinatua kila siku. Niliandika mwaka jana, nimekosea, nimeikuta karatasi yenyewe leo asubuhi ina tarehe.

#36 MuuguziWaZamu
Na hata ndege zikitua, muuguzi asiye na mshahara ataongeza kwenye kidonge. Kuna kitu kingine hatujasema: hesabu ya dozi. Captopril, nayo ya tansio, inaonekana rahisi, kidonge faranga 100. Lakini wengi wanaandikiwa mara tatu kwa siku: vidonge 90, faranga 9,000 kwa mwezi. Amlodipine ya Birere ni 150 kidonge, mara moja kwa siku, 4,500. Mwambieni docta bila aibu, "sina mituele, nalipa mwenyewe." Akiwa mtu mzuri atafikiri tena kabla ya kuandika. Wengi wetu tunaandika bila kujua bei, hilo ni kosa letu.

#37 BintiWaKatoyi
Nimerudi. Jana nilimpeleka mama. 17 kwa 10. Nilisema ile sentensi ya #36 kabla hata ya kukaa, docta akanitazama, akachukua karatasi upya. Ameacha amlodipine 10, nzima, siyo nusu, kaandika jina dogo tu. Ameongeza hydrochlorothiazide, dawa nyingine ya tansio, amefuta vitamini mbili zilizokuwa zinakula 8,000 kila mwezi. Hizo vitamini sikuwahi hata kuziuliza.

Nimenunua Birere ya mwezi mzima, kwa fedha niliyokopa. Wembe nimeuficha. Mama amekasirika, anasema alikuwa anautumia pia kwa kucha.

Kwa nini Katoyi ni 3,000 bado sijui. Nilimuuliza mama wa farmasi ya hapa kwa heshima, akaniambia yeye mwenyewe hana mituele, na mume wake ana tansio.

#38 KijanaWaDepo
Huyo mama ananunua kwetu. Sikujua hilo.

#39 MamaNneNdosho
YayaWaMuso, mko upande gani wa Ndosho? Mnapokea mtu mpya?

#40 YayaWaMuso
Tunapokea, mama. Alhamisi saa tisa, uliza wanawake wa boksi jekundu pale penye bomba la maji, watakuonyesha. Njoo na ordonansi, na faranga 500 zako za jioni zinatosha kuanza.

#41 MgeniWaMugunga
Samahani, mimi mpya hapa. Mtoto wa dada yangu ana kifafa, anatumia fenobarbital, zimebaki vidonge vinne. Farmasi mbili wamesema imeisha mji mzima. Kuna aliyeiona?

#42 KijanaWaDepo
Ngoja niangalie kabati la nyuma. Usiondoke kwenye uzi. Ni ya miligramu ngapi?